Chura wa Njano Katika Thamosi

Kamba ya mwisho ilikuwa imeshafunguliwa Inspekta Walubengo alipofika gati la Kisumu. Maji kati ya meli na ukuta wa gati yalikuwa na upana wa kitanda, kisha yakawa na upana wa chumba, na yeye bado amesimama pale na karatasi ya mahakama mkononi, kama mtu aliyeleta sufuria watu wakiwa wameshakula na kunawa mikono.

Jeneza lilikuwa juu ya sitaha, limefunikwa shuka nyeupe, majani mabichi yamechomekwa kwenye kamba. Wanawake walikuwa wanalia. Kando ya jeneza alikaa mjane, Dorca Adero, hakuwa analia. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, Tom Ouma, binamu ya marehemu, mkono mmoja ameuweka juu ya jeneza kama mtu anayeshikilia mzigo wake usipotee njiani.

"Simamisha hiyo meli," Walubengo akamwambia karani wa bandari.

"Hii si baiskeli, afande. Itasimama Kendu Bay."

Sajini Ogola akaja nyuma yake polepole. Mtu anayekuja polepole namna ile huwa anajua habari tayari.

"Nani ametoa maiti?"

"Mkubwa."

"Nilimwambia asitoe."

"Wazee wa kwao walikaa ofisini kwake tangu asubuhi, Inspekta. Hawaondoki, hawataki chai, wanamwangalia tu. Na daktari wa hospitali ameshaandika: sumu ya chura. Sasa Mkubwa angengoja nini?"

"Angengoja tumbo liende Nairobi, kwa mkemia wa Serikali."

"Mtu wetu hatumziki bila tumbo," Ogola akasema. Alisema bila ukali, kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda soko la Kibuye.

Walubengo akakunja karatasi yake akaitia mfukoni. Meli ikapiga honi, na hiyo ndiyo ilikuwa ripoti yote aliyopata kuhusu mwili wa Gordon Oketch.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Gordon alikuwa dereva wa Daktari Holm, Mzungu aliyekodi nyumba mtaa wa Milimani, akafuga humo vyura wa sumu kutoka misitu ya mvua ya Amerika ya Kusini. Mji wote ulijua habari za vyura hao. Ni wadogo, wa njano kama ndizi iliyoiva, na watu wa huko kwao wanapaka ncha za mishale kwenye migongo yao kabla ya kwenda kuwinda. Siku ya Alhamisi Gordon aliondoka asubuhi kwa gari la Daktari kwenda upande wa Maseno kutafuta wadudu. Mchana alirudi ameshika tumbo. Alitapika na kuhara mpaka akashindwa kusimama, Daktari na mpishi wake wakamkimbiza hospitali, na kabla jua halijatua alikuwa amekufa. Tom alikuja hospitali akachukua mkoba wa marehemu akaupeleka nyumbani kwa Gordon, mtaa wa Manyatta. Asubuhi ya Ijumaa wanawake wa matanga wakafungua thamosi iliyokuwa mkobani, na chura mmoja wa njano, amekufa, akateleza akaanguka sakafuni.

Ilipofika saa sita Kibuye nzima ilikuwa inaongea. Ilipofika jioni mpishi wa Daktari, Beldina Nabalayo, alikuwa rumande, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anamjazia Gordon chai kila asubuhi. Jumatano angefikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua, na kosa hilo lina kamba mwisho wake. Daktari wa hospitali aliletewa chura kwanza, maiti akaichunguza baadaye. Walubengo aliona hapo ndipo kesi ilipoharibikia.

*

Chura mwenyewe walikuwa wamemweka ndani ya mkebe wenye barafu, barafu ya samaki iliyoombwa sokoni. Kesho yake asubuhi Walubengo akamtoa akamlaza juu ya gazeti. Ngozi ilikuwa nzima, inang'aa, njano ile ile.

"Thamosi iko wapi?"

Ogola akaileta. Ilikuwa nyekundu, ina maua, safi kuliko vyombo vya Mkubwa.

"Nani ameiosha?"

"Wale wanawake. Kabla sisi kufika. Walisugua na jivu na mchanga, nje na ndani. Walisema hawawezi kupatia polisi chombo chafu."

Walubengo akakaa chini.

"Sajini, tafuta chura."

"Chura huyo hapo."

"Mwingine. Wa mtaroni."

"Mimi ni sajini, Inspekta. Mimi si mtoto wa kushika chura."

Lakini alienda, akarudi na chura wa kawaida ndani ya kofia ya konstebo mmoja ambaye hakuwepo. Walubengo alikuwa ameagiza chai kutoka kantini, ya maziwa, inayochemka. Akaijaza kwenye thamosi, akamtumbukiza chura, akafunga. Wakaiacha dirishani mpaka mchana, muda ule ule Gordon aliokuwa nao barabarani. Walipofungua, Ogola alitazama mara moja akatoka nje kutema mate. Chura alikuwa amegeuka kijivu, miguu imenyooka, ngozi inatoka kwa kidole kama ngozi ya kuku aliyemwagiwa maji moto.

"Sasa mtazame huyu wa njano," Walubengo akasema.

Ogola akatazama. "Huyu hajapikwa."

"Hajawahi kuona chai moto. Aliwekwa thamosi chai ikiwa imepoa, au imemalizika."

"Labda chai ya huyo mama haikuwa moto."

"Umewahi kuona Mluhya akamwekea mtu chai baridi?"

Ogola akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Inspekta, nikuambie kitu. Watu wanasema unamtetea kwa sababu ni wa kwenu."

"Watu gani?"

"Watu. Hata mimi nimesema kidogo."

"Basi endelea kusema. Njoo tukamwone."

*

Beldina alikuwa amekaa juu ya blanketi lililokunjwa, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa amekifunga vizuri kama anayengoja kanisa lianze.

"Kaka, umekuja kunitoa?"

"Nimekuja kuuliza. Chai ya Alhamisi uliweka saa ngapi?"

"Kukiwa bado giza-giza. Chai ilikuwa inachemka. Gordon alikuwa hataki chai ya uvuguvugu, alikuwa anasema hiyo ni ya wagonjwa."

"Na chura?"

"Niweke chura kwa nini? Gordon alikuwa ananiletea mboga kutoka Kakamega, alikuwa ananisalimia kwa lugha yangu, vibaya, lakini alikuwa anajaribu. Mimi niue huyo?"

"Wewe ndiye unawalisha hao vyura?"

"Mimi na Gordon. Daktari anawasha taa kwa veranda, wale wadudu ya ziwa wanakuja kama moshi, tunawakusanya na chandarua. Hiyo ndiyo chakula yao. Ingine hakuna."

"Na vyura mnawashika na nini?"

"Daktari alisema glavu."

"Nimekuuliza mnashika na nini, sijauliza Daktari alisema nini."

Beldina akaangalia mlango. Akaangalia Ogola. Akaanza kuchezea ukingo wa blanketi.

"Mama," Walubengo akasema, "Jumatano utasimama mbele ya hakimu, na mimi sina kitu cha kumwambia. Kama kuna neno, litoe sasa."

"Utamwambia Daktari?"

"Nini?"

"Paka."

"Paka gani?"

"Paka yangu ya jikoni. Ilikula moja. Wakati wa Pasaka." Alisema haraka sasa, sauti chini. "Niliacha sanduku wazi, nikageuka, nikaona mguu ya njano iko inje ya mdomo. Nilijua imekufa. Nilitafuta hata gunia ya kuizika. Lakini ikaenda ikalala juu ya majivu, jioni ikalia maziwa. Daktari nilimwambia hiyo chura ilitoroka dirishani. Kaka, usimwambie, atanifukuza."

Ogola akauma mdomo. Mwanamke anangojewa na kitanzi, naye anaogopa kufukuzwa kazi kwa ajili ya paka.

"Na Gordon alijua?"

"Tulicheka naye wiki mzima. Kutoka siku hiyo tunawashika na mkono, hivi." Akawaonyesha viganja vyake. "Wanakojoa tu."

*

Daktari Holm aliwapokea kwa Kiswahili chake cha kitabuni, safi mno, kiasi kwamba Kisumu nzima walikuwa wanakwepa kuongea naye. Chumba cha vyura kilikuwa nyuma ya nyumba. Masanduku ya kioo yamepangwa ukutani, ndani yake mimea na maji yanayotiririka, na joto kama la kinywa cha ng'ombe. Vyura walikaa juu ya majani, wa njano, wametulia kama wenye shamba.

"Mchukue mmoja," Walubengo akasema.

"Naomba radhi?"

"Mmoja. Kwa mkono."

Daktari akamtazama, kisha akafungua kifuniko. Akaingiza mkono mtupu akatoa chura, akamshika kwenye kiganja. Hakuna kilichotokea. Kwa nje, mbwa wa jirani alikuwa anabweka.

"Umejua tangu lini kwamba hawana sumu?"

"Tangu mwaka jana," Daktari akasema. "Walipowasili mwaka wa sabini walikuwa na sumu kali sana. Kwao msituni wanakula chungu na mbawakawa wadogo, nami nadhani sumu hutoka katika chakula kile. Hapa wanakula wadudu wa ziwa lenu. Nimejaribu ngozi zao kwa panya. Hakuna kitu. Imekwisha."

"Mwanamke yuko ndani kwa ajili ya sumu hiyo iliyokwisha."

"Polisi waliniuliza kama vyura hawa ni wa sumu. Nikajibu kuwa ni wa aina yenye sumu. Hakuna aliyeniuliza kama bado wanayo."

"Na wewe hukuona ni vizuri kusema?"

Daktari akamrudisha chura polepole. "Chuo changu kimenituma kuchunguza sumu, Inspekta. Nikisema imekwisha, nami nimekwisha."

Walubengo alitaka kumjibu, akaona jibu alilonalo si la kumwambia mtu nyumbani kwake. Akainamia masanduku akayapitia moja moja. Alikuwa na tabia hiyo; alipokasirika alitazama vitu. Katika sanduku la mwisho, pembeni, kulikuwa na kipande cha jani la mgomba, kimekauka, kimekunjwa katikati kama vile mtu anavyokunja jani kushikia sufuria ya moto.

"Hiki ni chakula chao?"

"Hapana. Sikijui."

"Beldina anatumia majani ya mgomba humu?"

"Kwa nini atumie? Huwashika kwa mikono, hudhani sijui." Daktari akatabasamu kidogo. "Na ya paka pia najua."

Walubengo akageuza lile jani mkononi. Mtu amekuja humu, amemshika chura kwa jani asimguse. Mtu huyo anaogopa. Daktari haogopi, Beldina haogopi, Gordon alikuwa haogopi. Kwa hiyo ni mtu anayejua chumba hiki, lakini habari zake za chumba hiki ni za zamani.

"Daktari, kabla ya Gordon ulikuwa na dereva?"

"Nilikuwa naye. Ndiye tuliyeyaleta naye masanduku haya kutoka Nairobi. Nilimwonya sana. Wiki ile ya kwanza kuku aliingia humu akadonoa chura mmoja, akafa mbele ya macho yake. Baadaye nilimwachisha kazi, alikuwa akinywa akiwa na gari. Yeye mwenyewe alikuwa amemleta binamu yake nimpe kazi ya bustani, basi nikampa binamu gari."

"Jina lake?"

"Tom. Siku hizi yuko kwenye josho la ng'ombe, kule Otonglo, njia ya Maseno."

Ogola akasema kitu kwa Kijaluo, polepole, hakuna aliyeomba atafsiri.

"Na Alhamisi jioni," Walubengo akauliza, "nyumba hii ilikuwa na nani?"

"Hakuna mtu. Mimi na Beldina tulikuwa hospitali na Gordon. Dirisha la nyuma halifungi. Halijawahi kufunga."

*

Otonglo ilikuwa siku ya soko. Josho lilikuwa nyuma ya vibanda, na mbele ya josho mama mmoja, Metrine, alikuwa anakaanga mandazi.

"Gordon alipita hapa Alhamisi?"

"Gordon ya gari ya Mzungu? Alipita. Alisimama kusalimia ndugu yake, wakakaa pale kwa gogo." Akaelekeza kwa mwiko, mafuta yakadondoka. "Alikuja kwangu kuchukua mandazi, thamosi akawacha na Tom. Akarudi, akamimina kikombe mbili. Akakunywa yake. Tom yake akamwaga."

"Alimwaga vipi?"

"Chini. Gordon akiangalia ng'ombe. Nikajisemea, huyu amekuwa tajiri, anamwaga chai ya maziwa."

"Utasema hivyo mahakamani, mama?"

Metrine akacheka. "Siku hizi kumwaga chai ni kesi? Na hii mandazi nitamwachia nani?"

Walubengo akaingia josho. Mapipa ya dawa ya kupe yalikuwa yamepangwa chini ya paa la bati, moja limefunguliwa, na kopo la kupimia linaning'inia kwenye msumari. Dawa ile ina sumu ya aseniki. Ng'ombe anaogea, kupe wanakufa. Mtu akiinywa anatapika na kuhara mpaka anakauka, na ndivyo hasa Gordon alivyokufa. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na josho anajua hilo. Walubengo alisimama pale akinusa. Alikuwa na jani, alikuwa na mandazi, alikuwa na chura ambaye hajapikwa. Aseniki yenyewe ilikuwa mahali pawili tu. Kwenye thamosi ilikuwa imesuguliwa kwa jivu. Kwenye tumbo la Gordon ilikuwa imepanda meli.

*

Tom alirudi na meli ya Jumanne, kwa sababu Jumatano ni siku ya kuogesha ng'ombe. Walimngoja gatini wakaja naye kituoni. Alikuwa amenyoa kichwa. Alikaa bila kuombwa, magoti mbali mbali, macho mekundu ya matanga.

"Tumemzika vizuri," akasema. "Ndugu yangu amelala kwao."

"Pole," Walubengo akasema. "Alhamisi ulimwona?"

"Hapana."

"Metrine wa mandazi amekuona naye juu ya gogo."

"Basi nilimwona. Mtu akifiwa anasahau."

"Ulikunywa chai yake?"

"Sikumbuki chai."

Walubengo akafungua mkebe uliokuwa mezani, akatoa chura wa njano aliye hai, aliyeazimwa kwa Daktari asubuhi ile. Akamweka kwenye kiganja chake kitupu akanyoosha mkono ng'ambo ya meza.

Tom aliondoka na kiti chake. Kiti kilianguka, yeye akafika ukutani.

"Weka hiyo kitu chini. Utakufa, jamani. Ogola, omera, ndugu yangu, mwambie aweke chini."

Ogola akainuka, akachukua chura kwenye kiganja cha Inspekta, akamweka juu ya kofia yake mwenyewe.

"Hana sumu, Tom," Walubengo akasema. "Amekula wadudu wa ziwa mpaka imeisha. Nyumba ile wote wanajua. Paka anajua. Ni wewe peke yako huna habari, kwa sababu uliondoka mapema. Uliingia kwa dirisha Alhamisi jioni, ukamshika kwa jani la mgomba, jani ukaliangusha mle ndani. Ukamtia kwenye thamosi ya maiti ili yule mwanamke anyongwe."

Tom alikuwa anamtazama chura juu ya kofia. Walubengo aliona uso wake ukibadilika, na kwa dakika ile alidhani amempata. Hofu ilitoka, ikaingia hesabu. Tom akakiokota kiti, akakipangusa, akakaa.

"Ni kweli," akasema. "Nilichukua chura."

Ogola akachukua kalamu.

"Andika. Niliingia kwa dirisha nikachukua chura moja. Gordon alikuwa ameshakufa, mimi natoka hospitali. Nilikuwa na hasira na huyo Mzungu. Alinifukuza kama mbwa, na ndugu yangu amefia kazini kwake. Nikasema nitamwekea chura, watu wamchukie, afukuzwe Kenya. Huyo mama sikumfikiria. Hiyo ni makosa yangu."

"Na dawa ya josho?"

"Dawa gani?"

"Uliyotia kwenye chai."

"Afande." Tom alikuwa anaongea taratibu sasa, karibu kwa upole. "Wewe mwenyewe umesema chura haina sumu. Umesema nimeiweka mtu akiwa amekufa. Sasa nimeua mtu na nini? Dawa ya josho nani ameiona? Imeandikwa wapi? Ile karatasi ya hospitali inasema chura. Kama si chura, basi ndugu yangu alikufa na tumbo tu. Watu wanakufa na tumbo kila siku huku Kisumu."

Kalamu ya Ogola ilikuwa imesimama. Chura akaruka kutoka kwenye kofia akatua kwenye karatasi ya maelezo, akakojoa.

*

Superitendenti Joram Amolo, yule waliyemwita Mkubwa, alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anakataa.

"Beldina mtoe leo. Hiyo umenishinda, na nimefurahi umenishinda kabla ya hakimu. Lakini kufukua hapana."

"Aseniki inakaa, Mkubwa. Kwenye nywele, kwenye kucha. Hata mwakani itakuwepo."

"Na mimi nataka mwakani niwepo. Wewe unataka nitume polisi na majembe kwenye boma la watu, wafukue mtu wao mbele ya mama yake? Kwa sababu mtu alimwaga chai?" Akamrudishia faili. "Wakikubali wenyewe, fukua. Nenda ukawaombe."

Walubengo akaenda. Alipanda meli ile ile, akashuka Kendu Bay, akatembea na jua. Wazee walimpa kiti, wakampa samaki, wakamsikiliza kwa heshima, kisha mmoja akamwambia kwamba mtu aliyezikwa hafukuliwi, na kama ana neno lingine awaambie.

Dorca Adero alimsindikiza mpaka kwenye ua. Kaburi lilikuwa pale pale, udongo bado mwekundu.

"Shemeji, wewe unaweza kukubali," Walubengo akamwambia. "Mjane akikubali, hakimu atasikia."

"Najua ni Tom," Dorca akasema. "Nimejua tangu kwa meli. Alishika hiyo sanduku njia mzima na hakuna mahali alikula, hata hapa kwetu, siku zote za matanga. Aliyeua mtu hawezi kula kwa huyo mtu, akila anakufa. Kila mtu aliona. Hata hao wazee umekula samaki yao, wameona."

"Basi?"

"Basi nikifukua bwana yangu, mimi na watoto tutalala wapi? Kwako?"

Walubengo alirudi gatini kwa miguu, na meli ilichelewa.

Tom Ouma alishtakiwa kwa kuvunja nyumba na kuiba chura mmoja, mali ya Daktari Holm. Alikiri. Hakimu alimfunga miezi mitatu, akaimaliza katika jela ya Kodiaga, si mbali na josho lake. Alipotoka, wazee walikaa kuzungumza nani wa ukoo atamrithi Dorca awe mke wake, naye Tom alikuwa ndiye wa karibu. Dorca alisema mbele yao wote kwamba atakubali siku Tom atakapokula chakula katika nyumba ya Gordon. Wakapika. Tom hakuja. Baadaye ilisemekana yuko Mwanza, anaendesha lori la pamba.

Dorca alibaki na watoto wake pale pale, shamba halikuchukuliwa.

Beldina Nabalayo alitolewa Jumanne ile ile jioni. Kazi ya upishi hakupata tena. Kila mlango aliobisha walimjua kuwa ni yule wa vyura. Aliuza mboga Kibuye, na wateja wake wengi walikuwa wageni wa mji.

Daktari Holm aliitwa kwao kabla ya mwaka kwisha. Vyura waliobaki walitiwa kwenye chupa za spiriti wakafifia, hata njano yao haikubaki. Paka alikwenda na Beldina.

Metrine hakuitwa mahakamani. Ogola alipandishwa cheo. Walubengo alihamishiwa Wajir, ambako hakuna vyura, akastaafu kutoka huko.

Cheti cha kifo cha Gordon Oketch hakikusahihishwa. Bado kinasema chura. Gordon mwenyewe yuko kwao, upande wa Kendu Bay, na ushahidi wake wote anao.